Jibini Mbichi ya Kethia

Kethia alikula matonge matatu ya bugali, akasema asante, akaisogeza sahani. Odette aliyahesabu yale matonge bila kupenda. Alikuwa ameponda sombe, majani ya muhogo, kwa mkono tangu alfajiri, akaitia mawese yaliyosafiri kutoka Uvira ndani ya sanduku la mfanyabiashara mmoja, akaiongezea samaki mkavu ambaye harufu yake iliwafanya Wachina wa ghorofa ya chini wafunge madirisha kana kwamba mvua inakuja.

"Haikukupendeza?"

"Iko tamu, Mama Odette. Nimeshiba tu. Mu ndege balitupatia chakula mingi."

Mama Odette. Ndivyo alivyomwita tangu walipokumbatiana uwanja wa ndege, kumbatio la kugusana mabega kama la wanakamati. Mama Odette, vile mtoto wa jirani anavyomwita mama wa rafiki yake. Aliyeitwa Mama, bila jina lolote kufuatia, alikuwa Albina, mdogo wake Odette, aliyekaa Sherbrooke, Kanada, upande wa pili wa dunia kutoka chumba hiki cha ghorofa ya kumi na nne, nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu mjini Guangzhou.

Mambo yote yalianza na karatasi. Mwaka ule Goma ilipowaka moto wa vita, Albina alikimbilia kambini Uganda, na Odette, aliyekuwa akihangaika na biashara ya nguo za watoto, akamwachia binti yake Kethia amtunzie mpaka barabara zitulie. Kethia alikuwa na miaka tisa. Barabara hazikutulia. Wakaja watu wa kupeleka wakimbizi ng'ambo, wakataka kila familia iandike watoto wake, na Albina akampigia dada yake simu, sauti ikimtetemeka: nimwandikeje huyu mtoto?

"Mwandike wako," Odette alimwambia. "Karatasi haizai."

Alilisema kwa haraka, akiwa mpakani na marobota yake, na wala hakuliwaza tena siku ile. Alidhani atawafuata baada ya mwaka mmoja, pengine miwili. Ilipita miaka kumi na mitatu. Mara mbili aliomba viza ya kwenda kumwona binti yake, na mara mbili alikataliwa, kwa sababu kwenye karatasi za Kanada Kethia alikuwa na mama, na jina la mama huyo halikuwa Odette. Karatasi kumbe inazaa.

Sasa Kethia alikuwa anaolewa. Kijana aliitwa Chadrack, wa familia ya Bukavu iliyohamia kulekule Sherbrooke, na baada ya wiki tatu wazee wake wangeleta mahari. Kwao Odette, siku ya mahari mama wa binti huwekewa kiti katikati ya chumba. Huitwa mara tatu, apokee kitenge chake. Asipokipokea, hakuna ndoa. Mwezi mmoja nyuma Albina alikuwa amepiga simu kuuliza, kwa kuzungukazunguka, nani atakaa kwenye kile kiti.

"Tunaweza kukuweka kwenye video," alisema. "Tunaisimamisha simu pale juu ya kiti."

"Simu haivai kitenge."

"Basi, Yaya," akasema, kwa neno lao la dada mkubwa, "uniruhusu mimi..."

"Kiache kitupu. Kitandikeni kitenge changu juu yake."

Wote wawili walijua kiti kitupu kilichotandikwa kitenge maana yake nini.

"Odette," Albina akasema polepole, "kile ni kiti cha marehemu."

"Basi hesabuni nimekufa," akajibu, akakata simu.

Wiki moja baadaye Kethia akanunua tiketi ya Guangzhou. Siku nne tu, Alhamisi hadi Jumatatu. Haikuhitaji mganga kujua anakuja kuomba nini. Na Odette alikuwa amekwisha mwambia jirani yake, Bimkubwa: "Aje. Nitamkatalia uso kwa uso." Ila kulikuwa na jambo moja. Odette alilelewa katika nyumba ambayo mgeni hanyimwi neno kabla hajala akashiba. Na zaidi ya hilo, chini kabisa ya roho, mahali ambapo hakupenda kuchungulia, aliamini kwamba mtoto akila chakula cha mkono wake, akala akakombeleza, basi hata ombi lenyewe litamfia mdomoni. Atakumbuka ni nani aliyemnyonyesha.

Matonge matatu hayakumkumbusha mtu chochote.

Ijumaa alimpeleka kazini. Kazi ya Odette ilikuwa kuwazungusha wanunuzi kutoka Lubumbashi, Goma na Kalemie katika majengo ya nguo ya barabara ya Zhanqian, karibu na stesheni ya treni. Alijua duka gani linaficha mishono mibovu chini ya lebo, na bosi gani hushusha bei ukigeuza mgongo. Siku hiyo hakuwa na mnunuzi. Alitaka tu Kethia amwone anavyovuta kola ya shati la mtoto kwa vidole viwili na kujua hapohapo kama itavumilia sabuni.

Mwanamke mwenye duka la soksi, waliyefahamiana miaka sita, alimtazama Kethia kuanzia viatu hadi nywele, akauliza kwa Kichina huyu ni nani.

"Binti yangu," Odette akajibu, kwa Kichina vilevile.

"Ah! Mzuri. Hamfanani."

"Anasema nini?" Kethia akauliza.

"Anasema karibu."

Wakaendelea kutembea katikati ya wasukuma mikokoteni. Ilimjia Odette kwamba tangu Alhamisi hajatamka neno binti yangu isipokuwa kwa lugha ambayo binti mwenyewe haijui. Chakula cha mchana Kethia alikiagiza kwa simu, tambi ndani ya kibakuli cha karatasi, akala nusu akiwa ameinama juu ya kioo, akimwandikia mtu na kutabasamu.

Saa moja jioni, ambayo Sherbrooke ni saa moja asubuhi, Odette alijikaza akamtumia Albina ujumbe. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ya simu ile. Hakumsalimu. Aliandika: *Huyu mtoto anakulaka nini?*

Jibu lilikuja kwa sauti, Albina akihema kama mtu anayevaa koti huku anakimbia. "Yaya, bonjour. Akiwa sawa anakula kila kitu. Akiwa na huzuni anakula kitu moja tu. Putini. Ni frites. Wanamwagia juu sauce ya kahawia, ile nzito, na vibonge vya fromage mbichi, ile inalia mu meno. Lakini huko China hautaipata. Usijisumbue."

Odette alisikiliza ujumbe ule mara tatu. Viazi vya kukaanga alivijua, mchuzi aliujua. Ile fromage, jibini inayolia menoni, ndiyo iliyomfanya akae chini.

Baba yake alikuwa mpika jibini katika milima ya Masisi. Alikuwa na kibanda cha mbao, sufuria kubwa ya shaba na ng'ombe kumi na wawili wa watu, na jibini yake ilishuka Goma kwa pikipiki ikiwa imefungwa magurudumu ya njano. Lakini kabla ya kushindiliwa kwenye kifinyizo, ilikuwa vibonge vyeupe, vyenye joto, vyenye chumvi kidogo, na watoto wake saba walikuwa wakivizia ageuze mgongo ili wachote. Vilikuwa vinalia: kwii, kwii, katikati ya meno. Hivyo ndivyo walivyokamatwa. Baba alisimama mlangoni akisikiliza, kisha akauliza nani ana panya mdomoni.

Usiku huohuo Odette aliagiza kwa simu unga wa kugandishia maziwa, ule utokanao na tumbo la ndama, na Jumamosi asubuhi mleta vifurushi alikuwa ameufikisha. Kethia alikwenda kutembea bustanini Liuhua. Odette akamimina lita tano za maziwa ya boksi kwenye sufuria, akayapasha hadi kidole kikaona uvuguvugu, akatia kijiko cha mtindi, akangoja, akatia unga, akangoja tena. Alipotumbukiza kidole ili aone kama yamekatika, kidole kilitoka na uji.

Bimkubwa aliingia bila kubisha hodi, kama kawaida yake, kanga begani. Alikuwa Mzanzibari aliyekuwa akisafirisha mapazia, mjane, mwenye miaka kumi Guangzhou na ulimi usiokuwa na breki.

"Mwenzangu, unapika gundi?"

"Jibini."

"Jibini! Na viazi vyote vile?"

"Vitakuwa chipsi. Halafu mchuzi juu. Halafu jibini."

Bimkubwa alivitazama viazi, akaitazama sufuria, akamtazama Odette. "Chipsi zimwagiwe mchuzi? Hebu niambie, shoga, kwa nini mtu akaange kitu kikauke halafu akirowanishe? Kwetu tungesema huo ni urojo uliokosa adabu."

"Ndicho anachokula mwanangu."

"Sawa. Na huyo mwanao, mimi nakwambia kwa kuwa hapana mwingine wa kukwambia. Wahenga walisema, kuzaa si kazi, kazi..."

"Bimkubwa, usinitolee methali. Nina maziwa yaliyoharibika hapa."

"Basi methali naimeza," Bimkubwa akasema, akavuta kiti. "Maziwa yenyewe umenunua ya boksi, yakichemshwa huko kiwandani mpaka yakapoteza fahamu. Hayo hayagandi mpaka kiama. Nenda kwa yule bibi wa maziwa ya tangawizi."

Duka hilo lilikuwa uchochoroni, meza nne tu, na lilijulikana kwa jambo moja: bakuli la maziwa ya moto yaliyogandishwa kwa maji ya tangawizi. Maziwa yake yalikuwa ya nyati wa kufugwa, mazito, na yaliletwa kila asubuhi kutoka nje ya mji. Mwenye duka, mama wa makamo aliyevaa aproni ya maua, alimwelewa Odette upesi kuliko Odette alivyotaka.

"*Meiyou*," akasema. Hakuna. Anauza bakuli, hauzi maziwa.

Odette aliagiza bakuli, akala. Akaagiza la pili. Katikati ya la tatu alimweleza, kwa Kichina chake cha sokoni ambacho kilikuwa na bei na rangi na saizi lakini hakikuwa na maneno ya mambo ya moyoni: binti mmoja. Mbali. Miaka kumi na tatu. Keshokutwa ndege. Hali chakula.

Yule mama alifuta meza iliyokuwa safi. Akaifuta tena. Kisha akaingia nyuma, akatoka na ndoo ya plastiki yenye kifuniko.

Jumapili Odette hakwenda ibadani. Aliamka akapasha maziwa, na safari hii kidole kilipozama na kuinuka, maziwa yalipasuka safi kama jeli. Akayakata mraba mraba kwa kisu kirefu. Akayapasha polepole huku mkono mzima ukiwa ndani ya sufuria, ukikoroga, kwa sababu baba yake hakuwahi kuamini mwiko. Maji yakajitenga, ya manjano. Akachuja, akaacha bonge likae, akalikata vipande, akavipandanisha, akavigeuza kila baada ya robo saa, kisha akavichambua kwa vidole na kuvinyunyizia chumvi. Alitafuna kimoja akiwa amesimama jikoni. Kikalia. Akatazama mlangoni, mwanamke wa miaka arobaini na tisa, kana kwamba kuna mtu angeuliza habari za panya.

Mchuzi aliupika kwa mifupa ya ng'ombe iliyochemka tangu jana, unga uliokaangwa mpaka ukawa na rangi ya ngozi yake mwenyewe, pilipili manga nyingi, na tone la siki. Viazi alivikaanga mara mbili. Saa saba mchana alivimwaga kwenye sahani, akatawanya vibonge, akamimina mchuzi ukiwa unatokota.

Kethia alitoka chumbani akikausha nywele. Akasimama.

"Nani alikuambia?"

"Kaa. Kinapoa."

Alikaa. Akachukua kibonge kimoja kwa vidole, kimoja ambacho mchuzi haukukifikia, akakitia mdomoni. Kwii. Akaacha kutafuna, akamtazama Odette, kisha akacheka, kicheko cha kwanza tangu Alhamisi, cha mtoto kabisa, chenye mabega.

"Inalia! Mama Odette, inalia! Uliitoa wapi?"

"Nimeitengeneza."

"Hapana. Kule hata Montreal kuko bantu banashindwa."

"Babu yako ndiye alikuwa fundi. Kule Masisi. Tulikuwa tunamuibia hizi kabla hajazifinya. Mama yako mdogo Albina ndiye alikuwa mwizi mkubwa, ila alijua kutafuna taratibu."

"Mama hajaniambiaka."

"Alikuwa mdogo sana. Huenda amesahau."

Kethia alikula. Alikula kwa uma kwanza, kisha kwa vidole, akiburuza kiazi kwenye mchuzi, jibini ikivutika nyuzi kutoka sahanini hadi kidevuni. Odette alikaa mbele yake, mikono mapajani, akitazama. Kwa muda wa sahani nusu alifurahi kwelikweli, furaha isiyo na mgeni wala mwenyeji. Alikuwa ameshinda. Sasa aombe, alifikiri. Aombe tuone.

"Albina anakupikiaka hii?" akauliza, kwa kujiamini kwa mtu anayejua jibu.

"Mama? Hapana, hawezi. Tunaendaka kuinunua. Kuko kibanda karibu ya mto." Kethia alipangusa mdomo. "Ni yeye alinipelekaka mara ya kwanza. Tulikuwa na wiki moja tu kule. Ilikuwa mwezi wa kumi na mbili."

"Mlifika na baridi."

"Nilikuwa nakataa kula. Siku nne. Mama alipika bugali, nikakataa. Alitafuta sombe ya kopo, akapika, nikakataa. Nilisema nitakula siku wewe utafika. Juu ulituambia utatufuata, sasa nilikuwa nakaa ku dirisha naangalia magari. Nilifikiria kama nikikula sombe mbele ya wewe kufika, ni kusema sikungojei tena."

Odette aliokota kibonge kilichoanguka mezani, akakishika.

"Siku ya tano Mama akatoka kazi. Alikuwa anafagia hospitali usiku. Hakulala. Akanivalisha, tukaenda na mguu mu theluji, hakuwa na boti, ile viatu ya baridi, alivaa mifuko ya plastiki ndani ya viatu. Tukafika ku kile kibanda. Hakujua Kifaransa yao, hakujua hata ile chakula ni nini. Alisonta kidole ku picha. Sahani moja, juu haikukuwa feza ya mbili. Ananiitaka Keti. Akaniambia: 'Keti, hii si chakula ya nyumbani. Nyumbani hata hawaijui. Ukikula hii haiko kusema umeacha kumungojea mama yako.'" Aliinua mabega. "Ndiyo nikakula."

Nje, ghorofa kumi na nne chini, mtu alikuwa anapiga honi bila kuchoka. Mchuzi ulikuwa umeanza kuganda ukingoni mwa sahani.

"Na sombe?" Odette aliuliza hatimaye.

"Sombe sikukulaka tena. Nilikuwa nakungojea nayo." Kethia alitazama mezani. "Alhamisi ulipoweka sahani, nilitaka ipite. Haikupita. Sijui. Mbaya, eh? Umepondaka na mkono."

"Si mbaya."

Odette aliinuka akaenda kuzima jiko ambalo alikuwa amekwisha kulizima. Aliitaka hasira yake. Alikuwa ameitunza mwezi mzima, akailisha, akailaza pembeni yake, na sasa alipoiita haikuja. Badala yake alimwona Albina, mwizi wa jibini, msichana aliyekuwa akiogopa hata kuomba maji nyumba za watu, amesimama kwenye theluji miguu ndani ya mifuko ya plastiki, ananyoosha kidole kwenye picha ya chakula asichokijua. Anamlisha mtoto wa dada yake chakula kisicho na kwao, ili nafasi ya dada yake isiguswe. Na yeye Odette siku ile alikuwa wapi? Hapahapa Guangzhou, mwezi wake wa kwanza mjini, akijifunza kusema ghali sana kwa Kichina.

"Nilikuja kukuomba kitu," Kethia alisema nyuma yake.

"Najua."

"Sitaiomba tena. Nimefikiria jana kule bustani. Kiti kitabakia bure, na kitenge juu, vile ulisema. Mama atakubali. Chadrack nitamuelezea."

Hapo ndipo Odette alipogeuka. Alikuwa amekiona kile kiti. Alikiona katikati ya sebule asiyoijua, watu wakikipita kwa heshima, mkwe anayemwamkia kwa kuinamisha kichwa mbele ya mbao na kitambaa. Na binti yake pembeni, siku ya ndoa yake, akimlilia mtu aliye hai.

"Kiti kitupu ni cha marehemu," akasema.

"Ni wewe ulisema..."

"Nilisema. Mtu husema. Albina akae."

Kethia alibaki na uma mkononi. "Kweli?"

"Akae yeye. Aitwe yeye, apokee yeye. Usinifanye nirudie."

Kama kuna kitu alikingojea baada ya maneno yale, hakukitaja hata kwa nafsi yake. Pengine mtoto angesimama, angezunguka meza. Pengine lile jina la pili lingedondoka, angebaki Mama tu.

"Asante," Kethia alisema. Alifumba macho, akashusha pumzi ndefu, na mabega yake, yaliyokuwa yamepanda tangu uwanja wa ndege, yakashuka yote mawili kwa mara moja. "Asante sana, Mama Odette."

Akavuta sahani karibu, akaimaliza yote, mpaka mchuzi uliopoa akaufuta kwa kiazi cha mwisho.

Jumatatu waliagana mbele ya mashine za ukaguzi. Kethia alimkumbatia vizuri, kwa mikono yote, akamwambia atatuma picha. Odette alisimama mpaka mkoba wake wa kijani ukapotea. Alirudi kwa treni ya chini ya ardhi, akapitia Zhanqian kumchagulia mnunuzi wa Kalemie magauni ya watoto, dazani kumi, akayavuta kola moja moja.

Nyumbani alimkuta Bimkubwa jikoni, anakula chipsi za ziada za jana zilizokuwa kwenye friji.

"Kaenda?"

"Kaenda."

"Umemkatalia?"

"Hapana."

Bimkubwa alitafuna, akafikiri. Safari hii hakuwa na methali. "Urojo wenu hauna ndimu," akasema, akaosha sahani, akamfunikia zilizobaki, akaondoka akiufunga mlango taratibu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Saa moja jioni Odette alipiga simu Sherbrooke.

"Yaya." Albina alipokea kabla simu haijaita mara mbili. "Keti ameniandikia. Yaya, mimi sijui nikuambie nini."

"Usiniambie. Sikiliza, una kazi saa ngapi?"

"Nina nusu saa."

"Basi sikiliza. Watakuita mara ya kwanza: mama wa binti yuko wapi? Unyamaze. Usitabasamu. Wewe una tabia ya kutabasamu ukiogopa."

"Ndiyo."

"Mara ya pili wataita kwa sauti, watafanya vichekesho, watasema mama kalala, mama kaenda sokoni. Unyamaze. Angalia ukuta. Mara ya tatu ndipo unasimama. Polepole, uzito wote. Usikimbilie kitenge kama mtu wa kugaiwa msaada. Wakufunge wao."

"Na kama wazee wa Bukavu watauliza? Kuko wenye wanajua. Nitasema mimi ni mama mdogo, nimekaa mu nafasi yako..."

"Hutasema kitu. Mama haelezi. Ukieleza, unamwaibisha mtoto."

Albina alikuwa analia sasa, analia taratibu kama alivyotafuna zamani, akidhani hasikiki.

"Na kitenge wakikuletea ushone marinda," Odette akaendelea. "Nimeona picha. Umenenepa."

"Odette!"

"Umenenepa. Marinda yataficha. Haya, rudia. Mara ya kwanza?"

"Ninanyamaza."

"Mara ya pili?"

"Ninaangalia ukuta."

Walirudia yote mara mbili, kuitwa na kunyamaza na kusimama, mpaka Albina akaacha kukosea. Kisha hapakuwa na la kurudia tena. Odette alisikia kengele ya mlango kule, au ya jiko, na Albina akipenga kamasi.

"Ni saa nane mchana wataanza," Albina alisema. "Wewe utakuwa wapi?"

"Saa nane yenu huku ni saa nane ya usiku. Nitakuwa nimelala."

Albina, aliyejua kwamba hatalala, hakubisha.